Radi ya Itumbe: Tusijifiche nyuma ya "ajali haina kinga"

Huku kwetu Pwani tukitaja Kisii, kinachotujia akilini ni ndizi zinazoshuka soko la Kongowea na majani ya chai. Wachache hufikiria radi. Mimi pia sikuifikiria, mpaka nilipokwenda Itumbe kumtembelea mwenzangu tuliyesoma naye diploma miaka mingi iliyopita.

Itumbe iko katika vilima vya Kisii, na jina lake linajulikana zaidi kwa sababu ya kiwanda chake cha chai. Ulikuwa mwezi wa Aprili. Saa nane mchana jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa. Saa tisa mbingu ikawa nyeusi. Mama wa mwenzangu, bi mkubwa wa miaka sabini hivi, hakungoja tone la kwanza. Aliwaita wajukuu waingie ndani, akachomoa waya wa televisheni ukutani, akamwamuru kijana ashuke kwenye mpera, kisha akasimama mlangoni akitazama barabara.

Barabarani walikuwa wanawake wanne na vikapu vya majani mabichi ya chai mgongoni. Ngurumo ilipolia, walikimbilia chini ya mkaratusi mrefu. Yule mama aliwaita kwa Ekegusii, akapunga mkono. Mmoja alikuja. Watatu walibaki pale pale.

Mvua ilipokatika, nilimuuliza yule aliyekuja kwa nini wenzake hawakumfuata. Akanijibu: "Lori la kuchukua majani linapita saa hizi. Ukilikosa, majani yanaharibika na kazi ya siku nzima imepotea."

Alhamdulillahi, siku ile mti haukupigwa. Lakini jibu lake halijanitoka kichwani. Yule mama alijua la kufanya, na hata wale watatu nadhani walijua. Kilichokosekana hakikuwa elimu pekee. Hakuna aliyekuwa amepanga lori lingoje, wala mahali salama pa kusubiri. Kinga ya nyumba moja si kinga ya kijiji. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwa nini Kisii?

Kaunti ya Kisii na jirani yake Nyamira ziko kwenye nyanda za juu mashariki ya Ziwa Victoria. Mchana, upepo mwanana kutoka ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kupanda vilima. Huko juu hukutana na pepo zinazotoka mashariki. Hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na ikipanda hugeuka mawingu marefu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za huko huanza alasiri, saa ambayo wachuma chai wako shambani na watoto wanatoka shule.

Eneo zima la Maziwa Makuu linajulikana kwa radi. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliweka Kabare, mashariki ya Kongo, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kabare hupata mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka.

Ongeza idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ni miongoni mwa kaunti za mashambani zilizosongamana zaidi nchini. Mahali penye nyumba karibu karibu, mashamba madogo na kazi ya nje kila siku, radi haikosi mtu. Karibu kila msimu wa mvua tunasoma habari za waliopigwa Kisii, Nyamira, Homa Bay au Kakamega.

Radi inaua vipi?

Wengi tunadhani radi inaua kwa kumpiga mtu utosini tu. Hiyo ni njia mojawapo, na si ya kawaida sana. Zipo nyingine nne.

Ya kwanza ni kuruka. Radi hupiga mti, kisha sehemu ya umeme huruka kutoka kwenye shina hadi kwa aliyesimama chini yake. Ya pili ni kugusa: umeshika ua la seng'enge, bomba la maji au simu iliyochomekwa kwenye chaja, na umeme unakufikia kupitia hapo. Ya tatu ni umeme unaosambaa ardhini kutoka pale radi ilipopiga. Huu huingia mguu mmoja na kutokea mwingine, na ndio unaowadhuru watu wengi kwa pigo moja. Ng'ombe hufa kwa wingi kwa sababu hiyo, maana miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali. Ya nne ni umeme mdogo unaopanda kutoka ardhini au mwilini kuelekea wingu kabla ya pigo kuu, nao pia unaweza kuua hata usipoungana na radi yenyewe.

Yule mama alinieleza kuwa miaka ya nyuma ng'ombe wa jirani alikufa chini ya mti kama ule. Watu wakasema jirani amefanyiwa. Maneno yakazunguka kijijini, majirani wakanuniana, na mti ukabaki palepale ukiendelea kuwakinga watu mvua. Uchungu wangu uko hapo. Tukishampata mtu wa kulaumu, hatutafuti tena sababu, na asiyetafuta sababu hapati kinga.

Sisi wa Pwani tusicheke. Bibi zetu hufunika vioo ngurumo zikilia. Kioo hakivuti radi. Nguo nyekundu haivuti radi, wala simu iliyo mfukoni. Kinachovutia ni kitu kirefu kilichosimama peke yake: mti, mlingoti, au wewe mwenyewe ukiwa katikati ya uwanja au ndani ya ngalawa baharini.

Shule na makambi

Misiba mikubwa ya radi katika ukanda wetu imetokea mahali watu wamekusanyika. Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, na watoto 18 wakafa. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika wakati wa mvua. Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businzo, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, Tanzania, waliuawa na radi shuleni.

Waliokufa walikuwa chini ya paa, si uwanjani. Kwa nini paa halikuwasaidia? Umeme wa radi unahitaji njia ya kushuka hadi ardhini. Nyumba ya kisasa yenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ndani ya kuta huupa njia hiyo, kwa hiyo aliye katikati ya chumba yuko salama zaidi. Darasa la mabati juu ya kuta za tofali au udongo, bila waya wala bomba, haliupi njia. Umeme hujitafutia, na mara nyingi hupitia kwa watu.

Dawa yake ni kizuia radi, na si muujiza. Ni ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene wa kushuka ukutani, na fimbo iliyozikwa ndani ya ardhi yenye unyevu. Vipande hivyo vitatu lazima viungane. Kikikatika kimoja, kilichobaki juu ni pambo. Ndiyo maana kukifunga hakutoshi, lazima kikaguliwe. Waya wa shaba huibiwa ukauzwa kwa vyuma vikuukuu, na shule hubaki ikidhani imekingwa.

Uganda haikuishia kulia. Mtandao unaoitwa ACLENet, wenye makao Kampala, umekuwa ukifunga vizuia radi katika shule na kuwafundisha walimu na wanafunzi, na Runyanya yenyewe ni miongoni mwa shule zilizokingwa.

La kufanya ngurumo ikilia

Weka haya kichwani, na uwafundishe walioko nyumbani.

1. Ukiuona mmweko, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukisikia kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita 10, ingia ndani. Ukisikia ngurumo yoyote na hukuhesabu, ingia vilevile.

2. Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa wakidhani mvua imekwisha.

3. Mahali pazuri ni jengo kubwa lenye nyaya na mabomba, au gari lililofungwa lenye bodi ya chuma, kama matatu iliyopandishwa vioo. Bodaboda na tuktuk hazikingi. Banda lililo wazi pande zote, hata kama ni la kupimia majani chai au la kungojea matatu, linakinga mvua tu.

4. Ndani ya nyumba, kaa mbali na kuta, madirisha na milango. Usioge, usioshe vyombo, usishike kifaa kilichochomekwa kwenye umeme. Chomoa waya kabla radi haijafika, si wakati inapiga.

5. Ukikutwa shambani, toka kwenye kilele cha kilima, achana na mti uliosimama peke yake na ua la waya, weka chini jembe na panga. Msisongamane, achaneni mita kadhaa, ili akipigwa mmoja wengine wabaki wa kumsaidia. Usilale chini, kwa sababu umeme wa ardhini hupita mwili mzima.

6. Aliye ziwani au baharini arudi nchi kavu mawingu yanapojikusanya, asingoje ngurumo.

Aliyepigwa hana umeme mwilini

Watu hufa kwa sababu wenzao wanaogopa kuwagusa. Aliyepigwa na radi habaki na umeme. Mguse hapo hapo, na ikiwa dhoruba bado ipo, msogeze mahali salama kwanza.

Wakiwa wengi, anza na anayeonekana amekufa. Katika ajali nyingine tunafanya kinyume chake, lakini radi ina kanuni yake: anayelia na kujigaragaza anapumua, anaweza kusubiri kidogo. Asiyepumua moyo wake umesimama, na huenda ukarudi akisaidiwa mara moja. Mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, kandamiza kwa nguvu kama sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa, mpulizie pumzi mbili kila baada ya kukandamiza mara 30, kwa kuwa moyo unaweza kurudi na pumzi zikachelewa. Mwingine apige simu. Namba ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya ni 1199 na haitozwi, na 999 au 112 ni za polisi.

Kutoka nyumba moja hadi kijiji kizima

Sasa turudi kwa wale wanawake watatu chini ya mkaratusi. Unaweza kuwapa karatasi yenye kanuni zote nilizoandika hapo juu, na kesho watasimama palepale, kwa sababu lori linakuja. Kijiji kinachostahimili majanga ni kile kilichoondoa sababu ya mtu kusimama chini ya mti.

Kwa mahali kama Itumbe ningeanza na mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Wakulima na wanaonunua majani wakubaliane kuwa msimu wa mvua kuchuma kunaanza mapema na kupima kunamalizika kabla ya alasiri, au lori lingoje ngurumo zipite. Shule ziwe na kanuni moja: mawingu yakitanda saa ya kutoka, watoto wanabaki katika jengo lililo salama zaidi, na mzazi anajua hivyo tangu siku ya kwanza ya muhula. Kila kundi la Nyumba Kumi liwe na orodha fupi: nani ni mlemavu, nani ni mzee anayeishi peke yake, nani ana gari, nani amefundishwa huduma ya kwanza. Vyama vya akina mama, ambavyo tayari hukusanya pesa kila wiki, vinaweza kutenga kidogo kwa ajili ya kizuia radi cha shule au nauli ya kumfikisha majeruhi hospitali.

Halafu kuna habari. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina wakurugenzi katika kaunti na hutoa utabiri wa siku na wa msimu. Tatizo ni safari ya habari hiyo kutoka ofisini hadi kwenye shamba la chai. Idara ilishaanzisha redio ndogo za kijamii, kama ile ya Kangema kwenye milima ya Murang'a inayoporomoka, Bulala kule Budalangi kwenye mafuriko, na Kwale FM huku kwetu. Kule Vihiga, wataalamu waliketi na wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua, wakalinganisha utabiri wao na wa kisayansi kabla ya kuwatangazia watu kwa lugha yao. Mkulima husikiliza zaidi sauti anayoijua.

Serikali nayo isijitoe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka majanga kwenye mikono miwili: serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Mwakilishi wadi akija kwenye baraza la chifu, aulizwe: shule ngapi za wadi hii zina kizuia radi, na kilikaguliwa lini?

Na sisi huku Pwani?

Usidhani nimekuandikia habari za watu wa bara. Hatari yetu ina sura nyingine, lakini funzo ni lile lile.

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka Bahari ya Hindi. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Kenya alikufa mmoja, Malindi. Umbali ulitusaidia, na maji yalikuwa yamepwa. Lakini pia habari ilitufikia mapema, na polisi wakawaondoa watu ufuoni. Onyo lilipata mtu wa kulipokea na mtu wa kulitekeleza.

Mei 2024 tulikiona tena. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, serikali yetu ilisimamisha shughuli za ufuoni na uvuvi. Baadhi yetu tulinung'unika, na mvuvi alikuwa na haki ya kuuliza watoto watakula nini siku hizo. Swali lake ni sawa na la yule mchuma chai na lori lake. Kumwambia mtu asiende kazini bila kupanga atakula nini ni kumsukuma baharini. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vile tunavyoviita BMU, vingekuwa na akiba ya siku za kimbunga, onyo lingetiiwa bila askari.

Wazee wetu walijua kuwa bahari hii ina vimbunga. Cha mwaka 1872 kiliipiga Zanzibar na kuangusha minazi na mikarafuu. Kwa kuwa havitokei kila mwaka tunasahau, tunajenga kwenye mikondo ya maji, tunakata mikoko iliyokuwa ikivunja mawimbi. Kisha mafuriko yanapokuja, kama yale ya mwisho wa 2023 yaliyoizamisha Tana River, tunasema ajali haina kinga.

Mimi ni Muislamu na naamini ajali imeandikwa. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha kutawakali ndiye aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola. Na sura ya 13 ya Qur'ani inaitwa Ar-Ra'd, yaani Ngurumo. Hatukupewa jina hilo ili tuogope tu tukikaa chini ya mkaratusi.

Yule mama wa Itumbe alinifunga mzigo wa ndizi nilipoondoka. Nilimwambia nitaandika habari zake bila kumtaja jina. Akacheka, akasema: "Mwanangu, usiandike habari zangu. Andika lori lingoje."

Nimeandika. Nawe msomaji, kabla ya masika yajayo, mtafute mzee wa mtaa wako, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa BMU, mkae barazani kwa saa moja. Ulizaneni: hatari yetu ni ipi, nani atatwambia, tutakimbilia wapi, na ni nani kati yetu atakayebaki nje kwa sababu lori lake halijafika.